Wingu la Smith Utosini: Mwongozo Kamili wa Kulipokea kwa Dishi la Meta 2.4

Mara moja kila siku, wingu la haidrojeni lenye uzito wa zaidi ya majua milioni moja hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliye Nairobi, Bukoba au Kigali. Halionekani kwa jicho wala kwa darubini ya vioo. Linaitwa Wingu la Smith, kwa jina la Gail Smith aliyeligundua mwaka 1963 akiwa Leiden, Uholanzi. Liko umbali wa miaka ya nuru 40,000 hivi, linaishukia diski ya Njia Nyeupe kwa kasi ya kama kilomita 73 kwa sekunde, na litaigonga baada ya miaka karibu milioni 30.

Wataalamu huyaita mawingu ya aina hii mawingu ya kasi kubwa, kwa sababu mwendo wake unapishana na mzunguko wa kawaida wa galaksi. Mpaka unaotumika sana ni kilomita 90 kwa sekunde, ukipimwa dhidi ya mwendo wa wastani wa nyota zilizo jirani na jua. La Smith liko kwenye +100, yaani kwa upande wetu linakwenda mbali nasi hata kama linaishukia diski.

Kwa watu wa Ulaya wingu hili hupita chini upande wa kusini, juu ya paa za majirani. Kwetu linapita juu kabisa, mahali ambapo ardhi yenye joto na minara ya simu haiingilii sana, na dishi halihitaji mota ya kuligeuza. Nafasi hiyo isipotezwe.

Hesabu kwanza, fundi baadaye

Haidrojeni baridi hutoa mawimbi ya redio kwenye masafa ya 1420.406 MHz, urefu wa wimbi sentimita 21.1. Gesi ikitusogelea masafa hupanda, ikitukimbia hushuka. Kila kilomita 1 kwa sekunde ni kilohezi 4.74. Andika namba hiyo ukutani, utaitumia kila siku.

Wengi hudhani kazi hii ni ya dishi kubwa. Si kweli. Gesi ikijaza eneo lote ambalo dishi linaliona, joto linalopimwa (nguvu ya mawimbi ya redio huandikwa kama joto, kwa kelvini) halibadiliki kwa ukubwa wa dishi. Dishi dogo hupoteza pale tu wingu linapokuwa dogo kuliko eneo hilo. Dishi la meta 2.4 huona duara la digrii 6 hivi. Sehemu angavu ya Wingu la Smith ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo nguvu inayopimwa hupungua. Ukipiga hesabu kutokana na uzito wake, tarajia kati ya kelvini 0.2 na 0.4. Linganisha na gesi ya diski ya galaksi, ambayo hufika makumi ya kelvini.

Sasa angalia kelele. Kelele inayobaki baada ya kupokea kwa muda ni joto la mfumo mzima gawanya kwa kipeuo cha pili cha zao la upana wa chaneli, yaani kipande kimoja cha masafa (kwa hezi), na muda (kwa sekunde). Mfumo wa kelvini 134, chaneli ya kilohezi 18.75 na dakika 25 za kupokea vinakupa kelvini 0.025. Ukiondoa kipimo cha anga tupu chenye muda huohuo, inakuwa 0.036. Kwa hiyo usiku mmoja unaweza kulionyesha wingu, na nyusiku kumi zitalithibitisha. Kinachowaangusha watu ni mfumo usiotulia: mstari wa chini (msingi wa mchoro mahali pasipo na gesi) unaopinda, joto linalobadilika, na umeme mchafu wa nyumbani. Karibu mwongozo huu wote unahusu kuutuliza mfumo.

Vifaa

- Dishi la wavu la C-band (la televisheni ya setilaiti), meta 2.4, lenye mguu wa kipokezi katikati. Wavu wenye matundu chini ya sentimita 2 unafaa kabisa kwa wimbi hili. Dishi la bati zima likielekezwa utosini hugeuka beseni la maji ya mvua, na ukilazimika kulitumia toboa tundu katikati. La meta 1.8 linafaa kwa kujifunzia kwa gesi ya diski tu.
- Kopo la bati la duara lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15.2 na urefu wa sentimita 27 au zaidi kidogo.
- Amplifaya yenye kelele ndogo na kichujio cha 1420 MHz ndani yake. Nooelec SAWbird H1 imetengenezwa kwa kazi hii hasa.
- Kipokezi cha RTL-SDR (redio ndogo ya kuchomeka kwenye USB ya kompyuta) chenye kioo cha saa kilichofidiwa joto (TCXO) na uwezo wa kupeleka umeme kwa amplifaya kupitia waya wa antena. RTL-SDR Blog V3 inavyo vyote viwili.
- Raspberry Pi au kompyuta ndogo, waya wa mtandao, boksi lisiloingiza maji, na kipande cha sponji au polistairini cha kuzuia joto.
- Pima maji ya fundi, futi ya chuma, na kifaa cha kuchomelea risasi.

Kopo: hapa ndipo usahihi unapolipa

Kopo ndilo linalokusanya mawimbi yanayorudishwa na dishi. Kipenyo chake si cha kukisia. Chini ya sentimita 12.4 wimbi la sentimita 21 halipiti kabisa. Kuanzia kama sentimita 16.2 kwenda juu aina nyingine ya wimbi huanza kupita na kuharibu umbo la mapokezi. Kwa hiyo kaa kati ya 15 na 15.5. Makopo makubwa ya maziwa ya unga na ya rangi hukaribia kipimo hiki, lakini nenda dukani na futi, usiamini maandishi.

Kwa kipenyo cha 15.2, wimbi likiwa ndani ya kopo hurefuka hadi sentimita 36.3. Sindano ya kupokelea inakaa robo ya urefu huo kutoka kwenye kitako: sentimita 9.1. Kosa la kawaida ni kutumia robo ya wimbi la hewani, sentimita 5.3, halafu mtu anashangaa mbona hapati kitu. Kipenyo chako kikiwa tofauti, kipimo cha 9.1 nacho kinabadilika: kwa sentimita 16 ni 8.3.

Toboa tundu, funga kiunganishi cha SMA au N, na kwenye ncha yake ya ndani chomelea waya wa shaba wa milimita 2 hadi 3. Ukate uwe sentimita 5.2 kutoka kwenye ukuta wa kopo, kisha uupunguze nusu milimita kwa nusu milimita huku ukipima kwa NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena) inayofika masafa haya. Simama marejesho (mawimbi yanayorudishwa na sindano) yakiwa chini ya desibeli -15 kwenye 1420 MHz. Waya ukikatwa kupita kiasi haurudi, kwa hiyo nenda taratibu.

Amplifaya ifungwe moja kwa moja kwenye kiunganishi cha kopo. Usiweke waya katikati, hata wa nusu meta. Kila desibeli 1 inayopotea kabla ya amplifaya huongeza kama kelvini 75 za kelele, na hakuna kifaa cha mbele kitakachoziondoa.

Mdomo wa kopo uzibwe kwa polistairini nyembamba au plastiki kavu. Nyigu hupenda sana makopo ya namna hii, na kiota cha udongo karibu na sindano hubadilisha kila kitu.

Kulifunga kopo kwenye dishi

Tafuta fokasi: pima kipenyo na kina cha dishi, kisha kipenyo mara kipenyo gawanya kwa kina mara 16. Dishi la meta 2.4 lenye kina cha meta 0.40 lina fokasi ya meta 0.90. Weka kopo ili fokasi iwe sentimita 1 hivi ndani ya mdomo wake. Kabla ya kulilaza dishi utosini, lielekeze kwenye jua: kivuli cha kopo kiangukie katikati ya dishi, kisha sogeza kopo mbele na nyuma kwa nusu sentimita hadi nguvu inayosomwa ifike juu kabisa. Kaza hapo.

Kuelekeza

Kichwa cha wingu kiko kwenye saa 19 dakika 49 ya anga, digrii 1.1 kusini mwa ikweta ya anga. Saa ya anga si saa ya ukutani: huonyesha mahali pa kitu angani kati ya mashariki na magharibi, na kitu hukata mstari wa kaskazini-kusini saa ya anga ikifika namba yake. Nairobi na Bukoba ziko digrii 1.3 kusini, kwa hiyo dishi liangalie juu tu. Kigali tofauti ni chini ya digrii moja. Kampala na Kisumu lilale kusini kwa digrii moja na kitu. Mombasa liinuliwe ukingo wa kusini kwa sentimita 12, ili liangalie kaskazini kidogo. Dar es Salaam kwa sentimita 24.

Pima maji hutosha. Kwenye dishi la meta 2.4, digrii moja ni tofauti ya sentimita 4 kati ya kingo mbili. Weka ubao ulionyooka juu ya kingo, mashariki na magharibi kwanza, kisha kaskazini na kusini, kwa sababu kingo za madishi ya bei nafuu hazikai sawa. Ukaguzi wa kweli ni jua lenyewe: Nairobi, karibu na Machi 17 na Septemba 26, jua la mchana hupita utosini. Acha mfumo ukirekodi. Kilele cha nguvu kitakuonyesha kama dishi limeelemea mashariki au magharibi, na upana wa kilima utakupa upana halisi wa eneo ambalo dishi lako linaliona.

Usiku unaweza kuhakiki kwa macho. Nyota angavu Altair, katika kundinyota la Ukabu, hukata mstari wa kaskazini-kusini karibu dakika moja na nusu baada ya kichwa cha wingu, digrii 10 kaskazini yake. Ngumi moja iliyonyooshwa mbele ni digrii 10. Altair ikiwa juu kabisa, ngumi moja kusini mwake ndipo unapopokea.

Karibu na Julai 20, Nairobi, wingu hupita utosini saa 6:33 usiku. Kila siku linawahi kwa dakika 4, hivyo kufikia katikati ya Oktoba linapita jioni, saa moja kasoro. Msimu mzuri ni Mei hadi Oktoba. Desemba hadi Februari jua liko upande huohuo wa anga na huingia kwa pembeni.

Kurekodi

Kipokezi na Raspberry Pi vikae kwenye boksi nyuma ya dishi, si chumbani. Waya wa antena wa meta 20 hurudisha sehemu ya mawimbi nyuma na mbele na kuchora mawimbi ya uongo yenye hatua ya karibu MHz 5, ambayo kwenye dirisha lako yataonekana kama mteremko uliopinda. Waya wa mtandao hauna tabia hiyo, ila nao huvuja kelele, kwa hiyo tumia wenye kinga na uupitishe mbali na kopo. Boksi lizungushiwe sponji. Amplifaya ikipoa digrii chache kati ya saa mbili usiku na alfajiri, mstari wa chini hubadilika umbo.

Washa umeme wa amplifaya kwa amri ya rtl_biast, kisha subiri saa nzima kabla ya kuamini kipimo chochote. Weka kasi ya sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, katikati ya masafa iwe 1420.2 MHz, na ugawe kwa chaneli 512: kila chaneli inakuwa karibu kilomita 1 kwa sekunde. Zima urekebishaji wa nguvu wa kiotomatiki. Anza na desibeli 20 hadi 30 kwenye kipokezi. Ukiongeza hatua moja ya nguvu na kelele isipande kwa kiasi kilekile, kipokezi kimezidiwa, shusha. Hifadhi wastani wa kila sekunde 60 pamoja na saa sahihi ya intaneti.

Kioo cha saa kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kosa la sehemu 1 kwa milioni ni kilomita 0.3 kwa sekunde, halidhuru. Vipokezi vya zamani vyenye kosa la sehemu 50 hukusogezea wingu kilomita 15.

Kupima joto la mfumo

Toa kopo kwenye dishi likiwa na amplifaya yake. Lielekeze utosini, andika nguvu. Lielekeze ardhini kwa karibu, andika tena. Tofauti ya desibeli 5 inamaanisha mfumo wa kelvini 130 hivi, unaofaa. Desibeli 7 ni kazi safi sana. Ukipata 3 au chini yake usiendelee: kuna waya mbovu, sindano isiyokaa vizuri, au mnara wa simu unaizidi amplifaya.

Kuna zawadi nyingine ya ikweta. Eneo linaloitwa S8, upande wa kundinyota la Jabari, hutumiwa na waangalizi kusawazishia vipimo vya haidrojeni. Liko kwenye saa 5 dakika 47, digrii 1.7 kusini. Dishi lako lililofungwa utosini litaliona saa kumi hivi baada ya wingu, bila kuguswa. Chukua mchoro wa eneo hilo kutoka HI4PI, ramani ya haidrojeni ya anga lote, iliyotengenezwa kwa madishi ya Effelsberg na Parkes na kutolewa bure mwaka 2016. Uwianishe na upana wa dishi lako, kisha ulinganishe na ulichopokea. Uwiano huo ndio unaogeuza namba za kompyuta kuwa kelvini.

Usiku wenyewe

Kuanzia karibu saa 18 dakika 48 ya anga, diski ya galaksi hupita utosini. Huu ndio mtihani wako wa kwanza. Ndani ya dakika chache unapaswa kuona kilima kikubwa kuzunguka kasi sifuri, na bega refu linalofika kama +100. Usipoliona hilo, wingu usilisubiri.

Bega hilo ndilo mtego mkubwa wa kazi yote. Gesi ya diski kwenye sehemu hiyo ya anga ina kasi ileile ya Wingu la Smith. Saa moja baadaye, wingu likiwa katikati, diski iko digrii 13 hivi pembeni, na dishi lenye mapokezi machafu ya pembeni litaendelea kuinusa. Utaona kijilima kwenye +100 na kushangilia kitu kisicho chake. Njia ya kutofautisha ni muda. Chora nguvu kati ya +85 na +120 kwa kila dakika tano. Mabaki ya diski hushuka tu kadiri muda unavyokwenda. Wingu hushuka, kisha hupanda tena na kufika kilele karibu na 19:49, halafu hushuka. Bila kilele hicho cha pili hujapokea wingu.

Anga tupu ya kulinganishia chukua kati ya saa 21:30 na 22:00 ya anga, maana mkia wa wingu unaendelea baada ya kichwa. Toa anga tupu kutoka kwenye kipimo cha wingu, gawanya kwa anga tupu, zidisha kwa joto la mfumo. Kisha linganisha mstari wa chini kwa polinomia ya daraja la 3, ukiacha nje sehemu ya gesi ya karibu na sehemu inayotarajiwa kuwa na wingu. Usipande hadi daraja la 6 au 7 ili mchoro upendeze: polinomia ya juu hulimeza wingu lenyewe, na mchoro wako msafi unakuwa hauna kitu.

Kusahihisha kasi, na mstari wa 1420.000

Kasi ya +100 ni dhidi ya nyota jirani, si dhidi ya dishi lako. Jua lenyewe linaelekea upande wa wingu kwa kama kilomita 15 kwa sekunde, na dunia ikizunguka jua huongeza au kupunguza hadi 28. Hesabu hizi astropy, maktaba ya hesabu za anga ya lugha ya Python, huzifanya kwa mistari michache, lakini zijue kwa mkono pia. Katikati ya Julai mwendo wa dunia kuelekea wingu ni karibu sifuri, hivyo dishi linaona +85: masafa ya karibu 1420.003 MHz. Mwishoni mwa Oktoba dunia inalikimbia, na wingu linaonekana kwenye +113, yaani 1419.87.

Sasa itazame namba ya Julai. Masafa ya 1420.000 ni mara 142 ya MHz 10, na vifaa vingi vina saa ya MHz 10 au 20 ndani yake. Mstari wa saa hizo huangukia juu ya wingu lako hasa katika mwezi ambao ni rahisi kukesha. Ukiuona mstari mwembamba wa chaneli moja au mbili, ufute chaneli hizo. Wingu lina upana wa kilomita 20 au zaidi, haliwezi kuwa sindano. Halafu rudia kipimo Septemba na Oktoba. Mstari wa saa hubaki palepale. Wingu linahama kwa zaidi ya kilohezi 100, na baada ya kusahihisha linarudi kwenye +100 kila mara.

Kelele za nyumbani

Masafa ya 1400 hadi 1427 MHz yamelindwa kimataifa kwa ajili ya kusikiliza tu, hakuna anayeruhusiwa kurusha. Kinachobaki ni uchafu wa karibu: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, inveta za sola, nyaya za USB 3. Zima kimoja kimoja huku ukitazama spektra (mchoro wa nguvu kwa kila masafa), na uandike kila kimoja kinaacha alama gani. Minara ya simu ya 900 na 1800 MHz haiko kwenye masafa yako, lakini ikiwa karibu inaweza kuishibisha amplifaya. Dalili yake ni mistari inayocheza huku na huku na joto la mfumo linalopanda ghafla mchana na kushuka usiku wa manane.

Weka pamoja nyusiku zisizopungua kumi, kila moja ikiwa imesahihishwa kasi yake kabla ya kuunganishwa. Ukiziunganisha kabla ya kusahihisha, kati ya Julai na Oktoba wingu litatandazwa kwenye kilomita 28 na kupotea ndani ya kelele. Usiku wa mvua kubwa uutupe. Wavu uliolowa na kopo lenye umande hupandisha kelele kwa kelvini kadhaa, na usiku mmoja mbaya huharibu tisa nzuri.

Anayeishi mbali kaskazini, Muscat au London, ana shabaha nyingine bora: kundi la mawingu linaloitwa Complex C, pana mno kiasi kwamba linajaza dishi lolote dogo, na Complex A kwenye kasi ya karibu -150. Hayo yanatusogelea, kwa hiyo yatafute juu ya 1420.406, karibu na 1421.1 MHz kwa Complex A, na katikati ya masafa usogeze hadi 1420.7.